“Kudos” si kila hongera: mwongozo kamili wa kulielewa na kulitumia

Kijana mmoja wa mapokezi, hoteli za upande wa Paje, alinijia darasani jioni moja, simu mkononi, uso umemkunjika. Mgeni aliyeondoka asubuhi kaacha maoni ya sentensi moja tu: “Kudos to the night receptionist who tracked down our bag.” Mkoba wenyewe ulisahauliwa kwenye daladala la Jambiani, na yeye alikesha akipiga simu huku na huku mpaka akampata konda aliyeuweka nyumbani kwake. Kwa hiyo habari ya mkoba aliijua. Asichokijua ni yule mtu wa mwanzo wa sentensi.

“Mwalimu, huyu Kudos ndiye nani? Maana sisi pale hatuna Kudos.”

Ameisoma kama juu ya bahasha: Kudos kwa mpokezi wa usiku, kama vile Asha kwa Maryam. Nikacheka, kisha nikaona haya kwa kucheka kwangu, kwa sababu mie mwenyewe neno hili, la kumsifu mtu kwa alilolifanya, liliwahi kunitia aibu kubwa kuliko yake. Nitaieleza huko mbele. Usiku ule tulikaa nalo saa nzima, na haya ndiyo tuliyoyapitia, nikiongeza niliyoyasahau.

Hatua ya kwanza: litamke

Waingereza husema *kyuudos*, na ile “s” ya mwisho ni kama ya “basi”. Wamarekani wengi husema *kuudouz*, mwisho kuna “z”, na wengine humalizia kwa “s”. Yote yanakubalika. Chagua moja, ushikamane nayo.

Wanaotembeza watalii Jozani nawapa angalizo moja: *kudu* ni neno jingine kabisa. Huyo ni tandala, mnyama wa bara. Mgeni akikuuliza kama kuna *kudu* msituni, usidhani anakupongeza. Mwambie hakuna, lakini akibahatika ataona paa nunga.

Hatua ya pili: jua lilikotoka

Unaweza kuiruka hatua hii, ila ukiiruka utateleza kwenye hatua ya tano.

Neno limetoka kwa Wagiriki wa kale. Kwao *kydos* ilikuwa ni utukufu, na ndani ya utenzi wa Iliadi linarudi mara kwa mara: shujaa anashinda vitani, miungu inampa *kydos*, na watu wote waliopo wanaiona. Wagiriki walikuwa na neno jingine, *kleos*, linalotokana na kusikia. Hiyo ni sifa inayosafiri, inayomfikia mtu ambaye hajakuona. *Kydos* ni ule mng’ao anaokuwa nao mtu palepale, mbele ya macho ya watu. Shika hilo la macho ya watu, tutalihitaji.

Kwenye Kiingereza liliingia kupitia vyuo vikuu vya Uingereza, karne ya 19. Vijana waliokuwa wakisomeshwa Kigiriki kwa fimbo walilichukua wakalifanya msimu wao wa mtaani, kama hawa wetu wanavyochukua maneno ya Kiarabu cha chuoni wakayafanyia mzaha barazani. Wakati huo lilikuwa na maana ya jina au hadhi anayoipata mtu kwa jambo alilolifanya. Maana ya pongezi zenyewe, yaani maneno ya kumsifu mtu, ilienea baadaye, miaka ya 1920.

Maana ile ya zamani haijafa, khasa kwa Waingereza. Ukisikia “There is a lot of kudos in working there”, hakuna anayepongezwa hapo. Kwetu tungesema kufanya kazi pale kuna jina. Na ukimwambia mgeni kuwa kumiliki jahazi lililoundwa Nungwi “carries a certain kudos”, umemwambia kwamba jahazi hilo linampa mwenyewe jina mbele ya wavuvi wenziwe. Neno letu “jina”, tunaposema fulani amepata jina, linaibeba maana hiyo barabara.

Hatua ya tatu: lipime tukio kwa kipimo cha taarabu

Hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu, nami ndipo nilipoharibu.

Miaka mingi nyuma nilikuwa karani katika ofisi moja ya safari. Bosi wetu alikuwa Muingereza, na mkewe akajifungua mtoto wa kike. Tukanunua kadi, wenzangu wakanisukumia mie niandike kwa kuwa ndiye mwenye Kiingereza. Nilikuwa nimelipata neno jipya gazetini na mkono unaniwasha kulitumia. Nikaandika kwa mwandiko wa kujidai: “Kudos on your baby girl!” Bosi akaisoma, akakohoa, akatoka nje kidogo. Baadaye, kwa upole, akanieleza kwamba kwa masikio ya kwao nilikuwa nimempongeza kwa bidii na ufundi alioufanya. Niliomba ardhi ipasuke.

Kosa langu lilikuwa la Kiswahili. Hongera yetu ni pana mno. Tunampa bibi harusi, aliyejifungua, aliyefaulu mtihani, aliyetoka Hijja, aliyenunua vespa, hata mtoto aliyeng’oka jino la kwanza. Ukilibeba neno moja hilo ukalitafuta pacha wake kwa Kiingereza, utampata *congratulations*, ambaye naye ni mpana. *Kudos* ni mwembamba. Anamtaka mtu aliyefanya kitu. Heri, majaaliwa na riziki si fungu lake.

Wanafunzi wangu huwapa kipimo hiki. Jiulize: kwa jambo hili ningekwenda kumtunza?

Nasema kutunza kule kwa taarabu, siyo kutunza nyumba. Unalijua lilivyo. Mwimbaji amefika kwenye ubeti, sauti imepanda, fidla zinamfuata nyuma. Mama mmoja anainuka safu ya tatu. Noti ameishika juu baina ya vidole viwili ili ukumbi wote uione. Haendi mbio. Anakwenda kwa mdundo, hatua mbili mbele, moja ubavuni, kanga au buibui limekaa vizuri, mpaka akafika jukwaani. Anaiweka noti mkononi mwa mwimbaji, na mwimbaji hakatizi hata neno. Kisha mama anarudi kitini vilevile.

Tazama kilichomo humo. Kuna kitendo kilichofanywa kwa ufundi. Kuna mtoaji aliyejitokeza kwa hiari, hakuna aliyemtuma. Na kuna hadhara: noti ile angeweza kumpa mwimbaji nyuma ya jukwaa kwa siri, ikawa ni fedha ileile, lakini isingekuwa kutunza. *Kudos* ina mambo hayohayo matatu, ila badala ya noti kuna neno.

Sasa linganisha na harusi au uzazi. Huko huendi kutunza. Unakwenda nyumbani kwa watu na doti ya kanga au sabuni ya mtoto, unakaa mkekani, unasema hongereni, Mwenyezi Mungu awakuzie. Jambo la kuendea nyumbani na zawadi ni la *congratulations*. Jambo la kuinukia ukumbini ni la *kudos*.

Kipimo hiki sijaona kikinitupa. Jaribu: mwanafunzi wa Wete amepata alama za juu baada ya kusoma kwa taa ya kandili? Ningemtunza, *kudos* inafaa, na *congratulations* pia. Dada yako amechumbiwa? Hutunzi. Nahodha wa boti ya Misali amewageuza wageni njiani kwa sababu upepo umebadilika, akapoteza nauli ya siku? Mtunze, tena noti kubwa. Jirani amebahatika kushinda simu kwenye bahati nasibu? Kaa kitini.

Msiba nao hauna hata haja ya kipimo, ila nilishaona mtu ameandika *kudos* chini ya tangazo la mazishi akikusudia heshima kwa marehemu, kwa hiyo nasema wazi: hapana.

Na kwa Mwenyezi Mungu halitumiki kabisa. Alhamdulillahi kwa Kiingereza ni “Praise be to God”. *Kudos* ni ya mja kwa mja, tena ina uchangamfu ndani yake usioelekea huko.

Hatua ya nne: ijenge sentensi

Mjengo wa kawaida ni mmoja: *kudos to* fulani *for* kitendo. Ikiwa kitendo ni tendo lenyewe, kitamalizikia na *-ing*.

“Kudos to the cook for feeding sixty people during the power cut.” Heko mpishi, kwa kuwalisha watu sitini umeme umekatika.

“Kudos to our guide, who never once lost his patience.” Heko kwa aliyetutembeza, hata mara moja hakuishiwa subira.

Angalia kiungo. *Congratulations* hufuatwa na *on*, *kudos* hufuatwa na *for*. Ile kadi yangu, ukiacha fedheha nyingine, hata kiungo chake kilikuwa cha neno jingine.

Linaweza pia kukaa katikati au mwisho wa sentensi na vitenzi vyake: mtu *deserves kudos*, anastahili, *earns* au *wins kudos*, ameipata kwa jasho, *gets* au *receives kudos*, amepewa. “The boat crew deserves kudos for turning back in that wind.” Hiyo ndiyo ningeiandika kwa yule nahodha wa Misali.

Na linaweza kusimama peke yake. Mwenzako katuma picha ya kazi aliyoimaliza, nawe unajibu “Kudos!” basi, imetosha. Wanaokimbia na programu ya Strava wanalijua kwa sura hiyo: kitufe cha kumpongeza mwenzio aliyemaliza mbio kinaitwa hivyohivyo.

Hatua ya tano: usilivunje

Ile “s” ya mwisho si ya wingi. Ni ya Kigiriki, imezaliwa na neno. Kwa hiyo *kudos* ni kama maji au mchanga, haihesabiki. Unasema *much kudos* au *a lot of kudos*, husemi *many kudos* wala *three kudos* wala *a kudos*. Na kitenzi chake ni cha umoja: “The kudos goes to the kitchen.”

Hata hivyo Wamarekani wameshalivunja. Waliposikia “s” mwishoni wakadhani ni wingi, wakatafuta umoja, wakaunda *kudo*. Wasomi wa lugha huko wanakunja uso. Lakini Kiingereza kimefanya hivyo zamani: *pea*, ile njegere, ilitoka kwa *pease*, neno la umoja lililoonewa hivyohivyo. *Cherry* nayo ilipoteza “s” yake ilipotoka Ufaransa.

Na sisi tusicheke sana. Kitabu ni neno la Kiarabu, na “ki” yake ni sehemu ya mzizi. Mswahili alipoisikia akasema aha, ki-vi, akatoa vitabu. Mwarabu wa kwanza kusikia “vitabu” sijui alikaa vipi. Ule mzunguko wa barabarani tumeuita kiplefti, kutoka *keep left*, na ikiwa miwili tunasema viplefti, hata askari wa trafiki husema hivyo. Lugha hufanya hivyo kwa mgeni, humvisha nguo za nyumbani.

Mie ninavyoona, ukilisikia *kudo* usimsahihishe mtu, khasa akiwa mgeni aliyelipa. Lakini usiliandike. Ukiliandika wewe, msomaji hatasema lugha inakua, atasema huyu hajui Kiingereza. Tumeonewa hapo, lakini ndivyo ilivyo.

Hatua ya sita: jua nani anampa nani

*Kudos* ni neno la wenza. Mfanyakazi kwa mfanyakazi, mgeni kwa mhudumu, msimamizi kwa kikosi chake, msomaji kwa mwandishi. Lina mguu mmoja kwenye gazeti na mguu mmoja kwenye kibaraza. Halijawa la mtaani mno kama *props*, neno la vijana wa Marekani, wala halijavaa joho.

Kwa hiyo usimwandikie Waziri “Kudos to Your Excellency”. Ni kama kumwambia mzee wa makamo ya babu yako “umetisha”. Mjukuu kakusudia mema, lakini mdomo umekosa adabu. Kwa barua rasmi tumia “I wish to commend” au “Please accept my sincere congratulations”. Kwa mtoto wa skuli wa darasa la pili *kudos* ni zito, mwambie “Well done!” Hii nayo ina mwelekeo wake: hushuka kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Muhudumu kumwambia bosi wake “Well done” huleta ukimya wa ajabu mezani.

Kisha kuna tuzo. Wengi hulichanganya *kudos* na *award* na *accolade*. *Award* inashikika au inahesabika. Bi Kidude alipopewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia, mwaka 2005, hiyo ni *award*. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipotangazwa mshindi wa Nobel ya Fasihi Oktoba 2021, hiyo nayo ni *award*, na ni *accolade* pia, kwa maana ya heshima kubwa inayotolewa na wenye mamlaka ya kuitoa. *Accolade* asili yake imo shingoni, kwa neno la Kilatini la shingo: mtu aliyefanywa shujaa wa mfalme alikumbatiwa shingoni, na baadaye akaguswa begani kwa upanga. Mfalme ndiye mtoaji. *Kudos* haingoji mfalme. Zile salamu zilizomiminika kwenye simu zetu siku ile, za watu wa Malindi, wa Muscat na wa London, kila mtu akimtaja Gurnah kama binamu yake, zile ndizo *kudos*. Mcheza kwao hutunzwa, na kutunzwa huko hakuhitaji kamati.

Hatua ya saba: angalia lisiwe kijembe

Kwenye taarabu si kila anayeinuka anamsifu mwimbaji. Kuna anayesubiri ubeti fulani, ule unaomchoma mtu aliyekaa safu ya nyuma, ndipo akainuka na noti yake, akapita karibu naye polepole. Noti imekwenda kwa mwimbaji, ujumbe umekwenda kwa jirani.

*Kudos* nayo hufanya hivyo. “Kudos for finally answering my email” si pongezi. Hilo neno *finally*, hatimaye, limebeba wembe. Ukisoma maoni ya wageni, litafute neno dogo la namna hiyo kabla hujafurahi: *finally*, *at last*, *for once*. “Kudos to the hotel for once getting the room right” maana yake siku nyingine zote mmekosea, na pengine meneja anatakiwa aisome kabla ya kuibandika ukutani. Niliwahi kuikuta imebandikwa.

Hatua ya nane: kupokea

Sisi tukisifiwa hukosa raha kidogo. Mtu akikusifia mtoto, chombo kipya au samaki wa leo bila kusema maashallah, moyo unashtuka, unahofia jicho. Na aliyelelewa vizuri akisifiwa hujibu “aa, kawaida tu” au “ni Mungu”. Kwa Kiingereza, “It is nothing” ukiisema mara moja ni unyenyekevu, ukiirudia inaonekana umemrudishia mtu noti yake jukwaani. Pokea, kisha mgawie na mwenzako: “Thank you, that means a lot. The whole team helped.” Usijibu “You’re welcome”, hiyo ni ya aliyekushukuru, na *kudos* si shukrani.

Wenyewe kwa wenyewe, hata tunapoandikiana Kiingereza, naona watu wanaandika “Mashallah, kudos to you”. Muingereza hataelewa nusu ya kwanza, lakini hujamwandikia yeye.

Hatua ya tisa: kulirudisha kwenye Kiswahili

Ukiwa unatafsiri, usishike hongera moja kwa moja kwa kuwa ndiyo iliyo karibu. Chaguo langu la kwanza ni *heko*. Ni fupi, hupigwa kwa sauti, na hudai kitendo kama *kudos* inavyodai. Humwambii bibi harusi heko. *Kongole* ni nzuri pia, ingawa masikioni mwangu inakuja na sauti ya watangazaji wa Kenya. *Pongezi* ni ya barua na hotuba: “napenda kutoa pongezi zangu za dhati”. Vijana wana “umetisha” na “umeua”, na pahala pake ni sahihi kabisa. Kwa ile maana ya hadhi, rudi kwenye “jina”.

Yule kijana wa Paje nilimwachia aandike jibu lake mwenyewe kwa mgeni. Alilifuta mara nne. Kwanza aliandika kurasa nzima akieleza safari ya mkoba kituo kwa kituo. Mwisho akabakisha hii, na sikumgusa hata nukta: “Thank you very much. I made the calls, but kudos to the conductor, who kept your bag in his house and did not open it.”